Keki ya Ndizi na Karatasi ya Vipimo

Nina miaka sabini na mbili na aibu nimezipata nyingi, lakini hii ya kule Kibagabaga, kwa binti yangu, ndiyo inayonifanya nifunike uso kwa kofia nikiwa peke yangu nyumbani, kwa hiyo nawaeleza nyinyi mcheke, mkimaliza kucheka basi mnihurumie kidogo.

Mimi ni fundi cherehani wa mtaa wa Gitega, watu wa huko wananijua, na wakinijua wanajua pia kwamba mkono wangu ni mgumu. Sikatai. Nimeshona suruali za watoto kutoka kwenye makoti ya baba zao, nimegeuza kola zilizochakaa upande wa pili, na nyumbani tulikunywa chai ya majani yaliyochemshwa mara mbili (mara tatu, nikisema kweli). Marehemu mke wangu, Mama Zai, aliweza kuishi na haya yote kwa sababu yeye alikuwa na ujuzi ambao mimi sina, ujuzi wa kufanya kidogo kionekane kingi bila mtu kujisikia amenyimwa. Alikuwa akinunua ndizi zile zilizoiva mpaka zimekuwa nyeusi, ambazo wauzaji wanataka kuziondoa mbele ya macho yao, akaziponda na unga na yai moja, akatia kwenye sufuria, akaiweka juu ya imbabura, jiko letu la makaa, na juu ya mfuniko akapanga makaa mengine, na baada ya saa moja nyumba yote na ya jirani inanukia keki. Watoto walidhani sisi ni matajiri. Ile harufu sijaisikia tena, na ninapopita kwa wauza ndizi huwa nasimama bila sababu, wananiuliza, "Mzee, tukupe ngapi?" nami naondoka.

Sasa ili muelewe, lazima niseme jambo moja baya. Mama Zai alipofariki, miaka miwili iliyopita, watu walijaa nyumbani kama ilivyo kawaida, wanakula, wanalia, wanakula tena, na siku ya pili tu nilisimama mbele ya wote nikasema jamani tunashukuru, lakini unga umekaribia kwisha. Nilisema hivyo. Binti yetu, Zainabu, alikuwa ameshika sinia ya wali, akaniangalia akasema, "Baba, hata leo?" Tangu siku ile alikuwa anakuja siku za Idd tu, anasimama mlangoni, anasalimia, anaondoka. Alipojifungua mwezi uliopita hakunipigia simu. Habari nilipewa na muuza makaa.

Hapa kwetu mwanamke akijifungua watu wanakwenda guhemba, yaani kumtembelea na chakula na zawadi ili arudishe nguvu, na hakuna anayehitaji mwaliko. Nikasema basi, hapo ndipo pa kupitia, hawezi kunifukuza mbele ya watu. Nilitaka kitu kimoja tu, aniambie kaa. Mtoto sikuthubutu hata kumwaza, nilitaka kiti.

Na nitakwenda na nini? Duka la keki nililipita, nikaangalia kwenye kioo, nikauliza bei, nikaagana nao vizuri. Halafu nikawaza (huu ndio uamuzi mdogo ulioniangamiza) kwamba keki ya mama yake itasema mengi kuliko keki ya dukani, nami nilimwona Mama Zai akiioka miaka thelathini na kitu, kuna ugumu gani? Ndizi nyeusi nikapewa bure kabisa. Mayai alikuwa anatia moja, mimi nikatia nusu, nusu nikakaanga. Ilipofika kupaka sufuria mafuta, nikakumbuka kwamba wenye maduka wanatandika karatasi chini, nikajiambia karatasi ikishakuwepo mafuta ni ya nini tena? Karatasi ninazo furushi zima chini ya cherehani, zile za kaki ninazokatia na kuandika vipimo vya watu. Nikachomoa moja katikati, safi, haina vumbi, nikaikata mviringo kwa mkasi (vizuri sana, fundi ni fundi), nikaitandika bila hata tone la mafuta. Maandishi yake sikuyasoma. Miwani nilikuwa nimeivua kwa sababu ya moshi.

Ilipoiva, au tuseme ilipoacha kutikisika, niliifunga sufuria nzima kwa kitenge nikapanda moto, pikipiki ya abiria. Sikungoja ipoe, nilitaka ifike inanukia. Tulipofika kwenye mteremko dereva ananisikia nyuma yake nakohoa na kujinyonganyonga, mapaja yananiungua.

"Muzee, iko nini huko nyuma?"

"Keki."

"Keki iko inakufanya hivyo?"

"Endesha tu, kijana."

"Mimi naendesha, lakini usinimwagie moto mugongoni, mimi iko na watoto!"

Nikafika natembea miguu imeachana kama mtu aliyetahiriwa jana. Ndani walikuwepo wanawake kumi au zaidi, wamekaa kwenye mikeka, mwanamume ni mimi peke yangu. Zainabu alikuwa kwenye godoro na mtoto kifuani, akaniona, akasema, "Karibu, Baba," kwa ile sauti ya kumkaribisha mtu wa kusoma mita ya maji. Kiti hakunionyesha. Nikabaki nimesimama na sufuria yangu.

Aliyeniokoa, au aliyenizamisha, ni mama mkwe wake, Bibi Hadija wa Kicukiro, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, anayecheka kabla hajajua kinachochekesha. "Mkwe! Umeleta nini kinanukia hivyo? Leteni sinia, leteni kisu, leo tutakula mkono wa mwanamume!" Wanawake wakapiga vigelegele. Akaipokea sufuria, akaipindua juu ya sinia, akaigonga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Haikutoka. Akagonga tena. Mmoja akasema, "Imejua ni ya nani hiyo, haitaki kutoka," wakacheka, nami nikacheka pia kwa sababu ningefanya nini. Mara ya tatu ikaanguka pwaa! Pembeni imeungua, katikati imezama, na juu yake ile karatasi imenata kama ngozi, imelowa maji ya ndizi, na kwenye karatasi penseli yangu nyeusi inasomeka vizuri kuliko siku niliyoiandika.

"Mana we, keki imeandikwa!" Bibi Hadija akainama akasoma kwa sauti ile ile ya kuita watu. "Kifua, mia na nane. Kiuno, tisini na sita." Akatutazama ili tuwe tayari. "Nyonga, mia na ishirini na mbili! Yewe! Nyonga za nani hizi, mkwe, umetuletea tule?"

Jamani, walianguka. Kuna mmoja alitoka nje kabisa. Mwingine anapima nyonga zake kwa kanga, "Si mimi, mimi sifiki!" Bibi Hadija anafuta machozi, "Sema, mzee, mchumba yuko wapi, tumwone!" Nami nimesimama pale nacheka kicheko cha mbuzi, natafuta miwani mfukoni, nikidhani ni mteja fulani wa zamani, nikiomba Mungu asiwe ni jamaa wa mtu aliyemo humo ndani. Nikaivaa. Kulikuwa na mstari mwingine chini, ambao Bibi Hadija alikuwa ameuficha kwa dole gumba lake, na alipoondoa mkono nikausoma kimya, na Zainabu akausoma pale pale alipokaa.

MAMA ZAI. GAUNI LA HARUSI YA ZAINABU.

Yeye hakuwa amecheka tangu mwanzo. Sasa na wengine wakaacha, mmoja mmoja, jinsi mvua inavyokatika.

"Baba," akasema, "gauni hili ulishona?"

Ningeweza kudanganya. Harusi ni miaka kumi na moja iliyopita, nani anakumbuka nguo? Lakini yeye alikumbuka, na mimi nilikumbuka, mama yake siku ile alivaa gauni la Idd lililokuwa limefifia mabegani, akakaa mstari wa nyuma katika picha.

"Sikushona."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nangoja kitambaa kishuke bei."

"Kikashuka?"

"Kilishuka," nikasema. "Baada ya harusi."

Nikamsikia mtoto ananyonya. Nikakumbuka jinsi nilivyompima, Mama Zai amesimama mbele ya cherehani ameinua mikono, anacheka kwa sababu futi ya kamba inamtekenya, ananiambia, "Usinibane kwenye nyonga, nataka kucheza." Miezi kadhaa aliniuliza, kisha akaacha kuuliza, nami nilifurahi kwamba ameacha. Hilo ndilo ninalolijutia kuliko lile la unga, kwamba nilifurahi. Siku hizi ningetoa cherehani yangu na nyumba niliyomo ili mtu aniulize tena, "Gauni langu liko wapi?"

Nikageuka niende zangu. Nilikuwa nimeshaushika mlango.

"Baba, kaa."

Sikuamini, nikaangalia nyuma yangu kama kuna mwingine anayeitwa baba.

"Kaa hapo," akasema Zainabu, akampa Bibi Hadija mtoto, akavuta sinia karibu yake. Akaanza kuibandua ile karatasi kwa ukucha, taratibu, kutoka pembeni kwenda katikati, bila kuichana, akaifuta makombo kwa pindo la kitenge, akaikunja mara mbili na kuisukuma chini ya godoro. Kisha akakata keki akanipa kipande. Nikala. Ilikuwa mbichi ndani na chungu nje, na haikufanana hata kidogo na ya mama yake, naye Zainabu alikuwa anakula chake akilia, na Bibi Hadija akasema kwa sauti ndogo (sikujua kama anayo), "Leteni chai, jamani, hii keki inahitaji chai."

Mtoto sikupewa siku ile, na sikuomba. Nilipoaga, Zainabu alisema hivi: "Ijumaa ukija, usije na kitu." Ukija! Nilirudi Gitega kwa miguu, safari hii si kwa kubana nauli, ila nilitaka kuwa na neno hilo peke yangu njia nzima.

Sijui kama amenisamehe, sijamuuliza. Ninachojua ni kwamba keki sitaoka tena mpaka mnizike, na furushi la karatasi nimelisoma lote, moja moja, nikiwa na miwani. Na mtu akija kupimwa siku hizi, bado wanakuja wawili watatu, nakata kitambaa chake siku hiyo hiyo, akiwa bado amekaa hapo kwenye benchi ananitazama.