Sita na Nusu

Mpini wa kwanza wa jembe ulimpata mume wangu kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Wa pili ukampata jicho la kushoto. Wa tatu sikuuona, maana nami nilikuwa chini tayari, mtu amenikanyaga mgongoni. Nayasema haya mapema ili mjue hasira yangu ilikoanzia.

Mume wangu anaitwa Mihayo. Ana steshenari hapa Buswelu, Mwanza, anachapa barua za maombi ya kazi na kadi za harusi, mpole kiasi cha kuudhi. Kabla ya hapo alikuwa karani wa shule miaka kumi na mmoja. Huko ndiko alikojifunza ile programu ya kompyuta ya kutunza kumbukumbu kwa majedwali. Alihesabu wanafunzi, madawati, ndoo, hata majembe yaliyovunjika. Alijisifia jedwali lake moja kwamba halikuwahi kukosea.

Sasa, ngoma kwetu Wasukuma ina pande mbili, Bagika na Bagalu. Ukoo wa Mihayo ni Bagika tangu babu yao, na kaka yake mkubwa, Shimba, ndiye kiongozi wa kundi letu. Bagalu wa hapa wanaongozwa na Evelina, mama mjane ambaye akiimba bila spika anasikika mpaka mlimani. Kwa desturi makundi mawili hucheza wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na mshindi ni aliyevuta watu wengi. Mwaka juzi kila upande ulidai umevuta wengi. Walitoana meno, na mzee mmoja akafa baada ya siku mbili. Ndipo kamati ikaamua wawepo waamuzi watano kutoka mbali, kila mmoja atoe alama kati ya kumi, nusu alama ziruhusiwe, na hesabu ifanywe na kompyuta. "Kompyuta haina ukoo," walisema. Mwenye kompyuta alikuwa nao, ila hilo hakuna aliyelitamka.

Mihayo alifurahi mno. Mtoto wa watu hakulala vizuri wiki nzima. Akachukua lile jedwali lake la shule lisilokosea, akalinakili, akafuta neno "wanafunzi" juu ya safu akaandika "alama". Ilimchukua dakika mbili.

Siku yenyewe zawadi ilikuwa dume jekundu la ng'ombe, limefungwa kwenye jiwe pembeni. Kila mwamuzi alitamka alama zake kwenye kipaza sauti, kisha kikaratasi chake kikaletwa mezani kwetu. Mimi nilisoma, Mihayo akachapa, macho yake kwenye vitufe. "Sita na nusu." "Haya." "Nane na nusu." "Haya." Mwisho akabonyeza, mashine ikajumlisha, printa ikatoa karatasi: Bagika arobaini na mbili, Bagalu thelathini na tisa. Niliona karatasi nzima haina nusu hata moja. Niliona, na sikujiuliza kitu, kwa sababu tumeshinda sisi. Hilo nitalijibu mbele ya Mungu.

Evelina alikuwa amejumlisha kwa mkaa juu ya ngozi ya ngoma yake. Alikuja mezani anatembea taratibu.

"Hebu nipe hiyo karatasi, baba."

Mihayo akampa. Evelina akaipitisha kidole mstari kwa mstari. Mwamuzi wa tatu aliwapa Bagalu sita na nusu, karatasi ilisema sita. Nane na nusu zao tatu, karatasi ilisema nane, nane, nane. Kwa Bagika, kila saba na nusu ilikuwa imekuwa nane, na tisa na nusu imekuwa kumi. Akainua karatasi juu.

"Nusu zetu umezila! Za kwenu umezinenepesha!"

Basi. Wale wachezaji wa Bagalu walikuwa wametoka kucheza na majembe mikononi. Mwanza mawe hayatafutwi, unainama tu unaokota. Meza ilipinduliwa, kompyuta ikapondwa, nikamsikia Mihayo anasema "subirini niangalie, subirini niangalie" mpaka sauti ikakatika. Polisi walipofika, mkono wake ulikuwa unaning'inia na jicho halikuwa jicho tena. Shimba yeye alikuwa amekwisha kulifungua lile dume na kuondoka nalo. Walilichinja jioni ile ile, mdogo wake yuko chumba cha upasuaji.

Mihayo alilazwa wiki tatu. Aliporudi nyumbani akaazima kompyuta, akachomeka flashi iliyosalimika mfukoni mwangu, akafungua jedwali. Akachapa sita na nusu kwa mkono wa kushoto. Alipotoka kwenye kisanduku ikawa sita. Akachapa saba na nusu, ikawa nane. Nane na nusu ikashuka, tisa na nusu ikapanda. Alicheka, kisha akalia.

Alinieleza polepole. Unapotengeneza safu ya namba, unaiambia mashine namba za aina gani. Ile ya shule aliiambia ipokee namba kamili tu, maana mwanafunzi hana nusu wala dawati halina nusu. Ukiipa nusu haikulalamikii. Inaipeleka kimyakimya kwenye namba shufwa iliyo karibu: sita, nane, kumi. Walioibuni waliona ni haki, kwa sababu kwenye namba elfu za kupanda na za kushuka zitalingana. Sisi tulikuwa na waamuzi watano. Nusu za Bagalu zote zilitokea kuwa za kushuka na zetu zote za kupanda.

"Kwa hiyo hukuiba!" nikampigia kelele. "Una ushahidi!"

"Mama Nkwabi," akasema, "hesabu ya kweli ni arobaini kwetu na arobaini na moja kwao. Dume lilikuwa la Evelina."

Shimba alipata habari, akaja. Hakukaa kwenye kiti.

"Mdogo wangu, jicho lako limetupa heshima. Watu wanakuimba. Usilitoe bure."

"Nataka wajue sikuiba, kaka."

"Sema hukuiba. Ishia hapo hapo."

"Nikiishia hapo nitakuwa nimeiba kweli."

"Ukiendelea, mimi siyo kaka yako."

Nasema wazi, mimi nilikuwa upande wa Shimba. Nilimwambia Mihayo ana jicho moja na mkono mmoja, na mimi sina mume mwingine kabatini. Kesho yake asubuhi akaenda kuomba kikao.

Kikao kilifanyika ofisi ya kata. Bagalu kumi, Bagika kumi, fimbo ziliachwa nje. Mihayo akamwita Evelina akae mbele ya kompyuta, achape mwenyewe. Mama wa watu akatafuta sita, akatafuta nukta, akatafuta tano. Akabonyeza pale alipoonyeshwa. Akaisogelea skrini.

"Imekula," akasema. "Imekula mbele ya macho yangu." Akageuka akamtazama mume wangu usoni, pale palipokuwa na jicho, akajifunika mdomo kwa khanga.

Watu wetu walianza kushangilia. Mihayo akainua ule mkono mzima.

"Mashine haina kosa. Aina ya namba nilichagua mimi, na sikujaribu hata mara moja. Mlioshinda ni ninyi, Bagalu. Arobaini na moja kwa arobaini."

Fimbo zilikuwa nje, viti vilikuwa ndani. Shimba alimpiga mdogo wake na kiti cha chuma mdomoni, akampiga tena kichwani akianguka, anapiga huku analia, "Umetuuza! Umetuuza!" Damu iliruka mpaka kwenye skrini. Mimi nilimrukia shemeji yangu nikamng'ata kidole gumba mpaka meno yakagonga mfupa, na sijatubu. Waliomtoa Mihayo pale chini ni Bagalu. Evelina alimpakata kichwa kwenye bajaji njia nzima hadi hospitali, khanga yake imelowa.

Shimba alifungwa miezi sita, na vijana wawili wa Bagalu kwa lile jicho. Mihayo alipoteza meno manne. Jicho lililobaki likaanza kuona ukungu tangu lile pigo la pili la kiti, na daktari anasema halitarudi. Dukani sasa nachapa mimi, yeye ananiambia la kufanya.

Mwaka huu, mwezi wa sita, Evelina na Shimba waliingia dukani pamoja. Nilimwamkia Evelina shikamoo. Shimba sikumwamkia.

"Tumeona Mihayo atutunzie alama tena," akasema Evelina.

Nilishika ufagio. "Kompyuta zimejaa mji mzima! Kwa nini yeye?"

Shimba alikuwa anatazama sakafu. Kidole chake kilikuwa kimepona kikiwa kimepinda. "Shemeji, wengine wote wana upande," akasema. "Huyu amepigwa na pande zote mbili."

Ningempiga. Nawaambia ukweli, ufagio ulikuwa umeshapanda. Lakini Mihayo alikuwa amekwisha kuvuta kiti, anapapasa vitufe kwa mkono wa kushoto. Hakunakili kitu. Alitengeneza jedwali jipya tangu mwanzo, akaniuliza maneno yaliyo kwenye orodha ya aina za namba moja moja, akachagua ile ya desimali, nafasi moja baada ya nukta. Kisha akachapa, akahamia kisanduku cha pili, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa skrini. Hakuona.

"Mama Nkwabi, nisomee. Inasema ngapi?"

Sikutaka kujibu. Wote watatu walikuwa wananisubiri.

"Sita na nusu," nikasema.

"Basi waambie nakuja."