Mama Haigomi na Wifi Yake

Ofisini walimwita Mama Haigomi, na jina hilo alilipenda kuliko alivyokubali. Aliandika programu ya kutafuta maji ya chini ya ardhi, na sifa yake kubwa ni kwamba tangu ianze kazi rasmi haikugoma hata siku moja. Programu za wenzake zilizima katikati ya kazi, wakabaki wanakuna vichwa. Yake ilikwenda hadi mwisho, ikatoa ramani ya rangi za kupendeza, naye akaenda kunywa chai akiwa amevimba kichwa kidogo.

Kazi yenyewe ilikuwa kubwa mno kwa kompyuta moja. Ramani ilikatwa vipande, kila kompyuta ikapewa chake, na kila baada ya hatua moja majirani walitumiana ujumbe: maji yangu mpakani yana kina hiki, yako je? Ujumbe ukiharibika njiani, kawaida ya mfumo ni kuzisimamisha kompyuta zote papo hapo. Ndivyo ilivyotokea zamani, siku ya majaribio, mbele ya wageni wa heshima. Maandishi mekundu yalijaa ukutani, na mkuu wa ofisi akacheka kile kicheko cha kuomba radhi. Aibu ilimkaba Mama Haigomi. Kesho yake akabadilisha mpangilio: kosa likitokea, mfumo usisimamishe kitu, uirudishie programu namba ya kosa tu, kazi iendelee. Hapo ilimpasa aandike mistari ya kuiangalia namba hiyo kila ujumbe unapopita. Alisema ataiandika wiki ijayo. Hizo wiki zijazo tunazijua wote.

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa mpimaji wa visima ofisini hapo hapo. Alizunguka na kamba yenye kengele ndogo inayolia ikigusa maji, akaandika kina, na vipimo vyake ndivyo vilivyolishwa programu. Ramani ikaonyesha maji tele nyuma ya zahanati. Mashine ya kuchimbia ikaletwa, ikachimba mpaka waendeshaji wakachoka, ikatoa vumbi. Wakachimba pengine, vumbi tena. Ofisi nzima ikakubaliana bila kikao: programu haigomi, basi aliyeboronga ni mpimaji. Wifi akaambiwa athibitishe vipimo vyake, la sivyo kazi hana.

Alhamisi Mama Haigomi alijifungia ofisini, akaweka ile mistari aliyoiahirisha, akaiendesha programu upya. Namba za makosa zikamwagika. Kompyuta moja ilikuwa haipokei ujumbe wa jirani yake tangu mwanzo. Ikaendelea kuhesabu kwa kina cha zamani kilichobaki kwenye kumbukumbu yake, ikachora maji pasipo na tone. Aliizima skrini kama mtu aliyefumaniwa. Jioni wifi akampigia, akamwomba amsindikize Jumamosi kupima upya, maana hakuna mwingine aliyetaka kuonekana naye. Alikubali haraka mno. Kukubali kulikuwa rahisi kuliko kusema.

Basi Jumamosi wako kwenye ua wa shule, jua la utosi, kisima cha tatu. Wifi amelala kifudifudi ukingoni, mkono umezama shimoni, na Mama Haigomi ameshika kamba. Wifi alikuwa akimtania tangu asubuhi kwamba kaka yake alioa kompyuta, leo angalau imechafua viatu. Kengele ilipolia, kina kikawa kile kile cha zamani, kama visima viwili vya kwanza. Utani ukamwishia: alitumaini kukuta kosa la kurekebisha, hakulipata.

“Labda tatizo ni mimi tu, wifi,” alisema bila kugeuka. “Nisamehe. Nimeitia doa kazi yako.”

Mama Haigomi alisikia uso ukimwaka. Aliona haya hata kuishika ile kamba.

“Vipimo vyako havina kosa,” akasema. “Kosa ni la programu. Kompyuta zilikuwa zinalisema siku zote. Mimi ndiye niliyeziambia zisinisumbue.”

Wifi akainuka polepole, akajikung'uta vumbi. Hakupaza sauti.

“Umejua lini?”

“Juzi.”

“Juzi. Na leo umenishikia kamba visima vitatu.”

Wifi akatoa simu yake, akatafuta namba ya mkuu, akamkabidhi ikiwa inaita. Kisha akajilaza tena ukingoni, akaanza kuivuta kamba mwenyewe.

Mkuu aliona namba ya wifi, akapokea bila kungoja salamu. “Wewe mama, nimeshakwambia usinipigie pigie. Kama kupima kisima kumekushinda, kaa nyumbani, utuachie wanaojua kazi yao.”

Kumbe hivi ndivyo wifi alivyokuwa akisemwa wiki zote hizo, na kila Jumapili alikuja kula kwao akicheka.

“Si yeye, mkuu,” Mama Haigomi alisema. “Ni mimi. Yule mnayesema anajua kazi yake. Kosa ni la programu yangu.”