Mashine ya kufulia ilivyotaka kunigombanisha na jirani wa chini hapa Euless

Wakuu, mlionizidi umri shikamooni, ingawa humu sidhani kama mpo. Waliobaki, marahaba.

Mimi ni Bibi Imani. Shule niliishia darasa la nne, herufi zikipishana mnivumilie. Haya yamenitokea mwenyewe, sijatia chumvi.

Mwaka 2019 binti yangu Neema alijifungua, nikaja Texas kumlelea mwanawe, Imani. Wanakaa Euless, apartment ya juu, karibu na airport. Neema ni nesi, mumewe anaendesha lori. Jina la mkwe wangu nalijua vizuri sana, ila kwetu Kahama mama mkwe halitaji. Hapa mtamjua kama Baba Imani.

Mchana nabaki na mtoto. Mtu wa kuongea naye nilikuwa naye mmoja tu, jirani wa chini, Esperansi, Mkongo wa Bukavu, ana binti anaitwa Furaha. Tulikuwa tunachambua maharage pamoja, yeye anacheka Kiswahili changu, mimi nacheka chake. Mumewe Bahati anapakia mizigo airport usiku, mchana ndiyo analala.

Sasa ikaja mashine.

Baba Imani aliinunua used, ile ya kufungulia juu, akaifunga kwenye kachumba ka koridoni. Kufua inafua. Shida ikifika kwenye kukamua. Inatingishika, inagonga ukuta du du du, inatembea mpaka inaziba mlango! Siku ya kwanza nilimbeba Imani nikatoka nje nikijua nyumba inaanguka.

Msicheke.

Nikajifanya fundi. Nikakunja kitenge cha zamani, nikakisukumia chini ya kona moja. Wakuu, ikazidi.

Esperansi akapanda, uso kaukunja.

"Bibi, mashini yenu iko inatetemesha plafon! Bahati hajalala. Jana amesinzia ku kazi, patron amemuona. Wakimfukuza tutakula plafon?"

Plafon ndiyo dari, patron ni bosi. Nikamwomba radhi, akashuka.

Kesho yake hakupanda. Keshokutwa pia. Nikigonga kwake anatoka Furaha: "Mama is busy, Bibi." Hapo ndipo niliumia. Maharage nikawa nachambua peke yangu, namsimulia habari mtoto ambaye hata meno hana.

Neema na mumewe walipopata off, wakasema leo tunaitengeneza. Sasa mimi na mkwe hatuongei uso kwa uso, na kachumba ni kadogo. Akachomoa waya wa umeme kwanza, akaiinamisha mashine, mimi nikamulika tochi huku nimegeukia ukuta.

"Neema, mwambie mama amulike chini kidogo."

"Mwambie nimemulika, yeye ndiye kaziba na kichwa."

"Jamani, mimi nimekuwa redio?" Neema alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Baba Imani akavuta kitenge changu, akakitazama, akakikunja vizuri akakiweka pembeni. Ana adabu yule kijana.

Kumbe miguu ya mashine ni skrubu, unaizungusha inapanda au inashuka. Mmoja ulikuwa unaning'inia, haugusi sakafu. Akaushusha, akaweka simu juu, ina kitu cha kupimia usawa, akarekebisha mpaka ikakaa sawa, ndipo akakaza nati. Ukiisukuma kona kwa mkono, haichezi.

Tukafua nguo zao. Kimya! Nikapiga kigelegele.

Kesho yake nikatumbukiza blanketi langu. Du du du! Nikaizima mbio, nikampigia Neema kazini.

"Mama, umeweka nini?"

"Blanketi."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Ndiyo hiyo sasa. Linajikusanya upande mmoja, load inakuwa unbalanced. Mix na nguo zetu, uzipange kuzunguka."

Nichanganye nguo zangu na za mkwe? Kahama nimeiacha, lakini si kiasi hicho. Ndiyo maana siku zote nilikuwa nafua kitu kimoja kimoja, nguo zangu mbali, zao mbali. Neema akanielewa, akarudi kwa wagonjwa wake.

Nikakaa nikawaza. Esperansi hana mashine. Huburuta fuko la nguo mpaka laundry ya ng'ambo ya parking, na baridi ile. Nikashuka. Safari hii alifungua mwenyewe.

"Esperansi, naomba mataulo yako."

"Mataulo yangu? Ya kufanya nini?"

"Ya kunyamazisha mashine."

Alinitazama kama nimechanganyikiwa, ila akapanda na fuko. Blanketi langu tukalizungusha, mataulo yake na makoti mazito ya Bahati tukayajazia upande wa pili. Bahati si mkwe wangu! Ilipofika kukamua tukashikana mikono. Ikaunguruma, lakini ikabaki palepale.

"Ngoja nishuke nisikilize," akasema.

Akarudi kashika mdomo kwa kicheko. "Bibi, kule chini sauti ni moja tu. Bahati anakoroma."

Tangu hapo tunafua pamoja. Fuko lake halivuki tena parking. Na sinia la maharage tunaliweka juu ya mashine yenyewe ikizunguka, haidondoki hata punje.

Nilichojifunza: miguu ya mashine iguse chini yote minne, msiweke kitambaa, na kitu kizito kisifuliwe peke yake. Mwenye kulalamika naye mfuateni mapema, mimi nilichelewa.

Sasa niambieni mnaokaa na wakwe huko ughaibuni, nguo mnafuaje? Andikeni, nasoma zote. Za Kiingereza Neema atanisomea.