Maua Yasiyosemewa Asante

Kijana wa mbegu pale sokoni Tukuyu ana maneno mengi kuliko bidhaa. Alikuwa ametandaza pakiti zake juu ya kiroba, kabichi huku, karoti kule, na pembeni kabisa, kama watoto wa kambo, pakiti chache za maua. Nilikuwa nimekwenda kuulizia nyanya chungu. Jicho likaangukia picha: ua jekundu la kukolea, petali zimepangana kama magamba ya samaki, pembeni limezungukwa na njano nyembamba.

Moyo ukanipiga. Mimi nimekaa kwenye biashara ya parachichi muda mrefu, na najua kwamba moyo ukikupiga mbele ya muuzaji umeshaliwa. Nikageukia kabichi.

"Na haya maua anayanunua nani?" nikauliza, naangalia pembeni.

"Hayo yanakwenda haraka, mama. Watu wa nyumba za wageni."

"Mbona yana vumbi?"

Akalifuta kwa kiganja, akacheka mwenyewe. "Basi nakupunguzia."

"Yanasimama kwenye mvua ya huku?"

"Mbegu ni mbegu, mama. Ukipanda zinaota."

Sikuuliza kuota. Niliuliza kusimama. Lakini kijana wa umri ule utamweleza nini? Nililipa bei ile ile niliyoipanga kichwani, nikaondoka nimekasirika, jambo ambalo si kawaida yangu nikishinda. Kaa hapa nikueleze hasira yenyewe ilikotoka.

Nililelewa Kawetele kwa bibi mzaa baba. Wazazi wangu walikuwa Mbeya wakitafuta maisha, nami nikaachwa kwa bibi "kwa muda kidogo". Muda huo ulianza sijaota meno ya mbele na ukaisha nikiwa namaliza shule ya msingi. Silalamiki. Bibi alikuwa na migomba, ng'ombe wawili, mdomo mkali, na maua.

Yale maua yalikuwa na jina refu kwenye pakiti za watu, lakini sisi tulisema "maua ya bibi" na majirani walisema "maua ya kwenu". Yalizunguka uwanja wote, kutoka mlango wa jiko mpaka njia panda, mekundu yenye ukingo wa njano, marefu kufikia kifua changu. Ukitoka kwenye ukungu asubuhi ukayaona, ulijua umefika nyumbani kabla hujaona nyumba.

Na yalikuwa kazi, usidhani yalijiotea. Mvua za mwanzo zikishatulia, bibi alinituma chini ya migomba nikachote udongo mweusi, kisha zizini nikaokote samadi iliyokauka, niitwange kwa mwiko wa zamani mpaka iwe unga. Tulichanganya na majivu. Halafu tulikaa upenuni, upande wa ukuta wa jiko ambako moto wa ndani uliupasha ukuta joto, tukakunja magamba makavu ya mgomba kuwa vikombe vidogo, tukavifunga kwa kamba za mgomba huo huo. Kila kikombe mbegu moja. Bibi aliichomeka kwa kidole kidogo, akaifunika kama anamfunika mtoto shuka. Kumwagilia ilikuwa kazi yangu, kwa kopo la mafuta ya kupikia lililotobolewa matundu kwa msumari. Nikimwaga kwa haraka nilisikia: "Unazamisha watu." Jioni tulikula ndizi na maharage na maziwa ya mgando, mikono yangu bado inanuka samadi, na hakuna aliyejali.

Miche ikifikia majani manne, watu walianza kuja. Kawetele yote ilikuja, na wengine walipanda kutoka Bulyaga kwa miguu. Walikaa, walikunywa chai, walisema habari za misiba na mahari, wakaondoka na miche yao kwenye vikombe vya magamba. Bibi hakuiuza. Alikuwa na sharti moja tu: usiseme asante. Mche unaosemewa asante hauoti, au ukiota hauchanui. Ndivyo alivyoambiwa na mama mkwe wake, na ndivyo alivyotuambia.

Sasa wewe unawajua watu wa kwetu. "Ndaga", yaani asante, kwetu inaanza kabla hujavua viatu. Umepewa kiti, ndaga. Umepewa maji, ndaga. Kumpa mtu kitu kizuri halafu umwambie afunge mdomo ilikuwa adhabu. Walipokea miche wakitikisa kichwa, midomo imebana, kama watu waliowekewa chai ya moto mdomoni.

Kulikuwa na mwalimu mmoja mgeni, amehamishiwa shule yetu kutoka pwani, mtu wa adabu nyingi. Bibi akamkabidhi mche.

"Asante sana, bibi."

Bibi akamnyang'anya ule mche, akauweka chini. "Haya. Anza upya."

Mwalimu akachanganyikiwa. Akaunyanyua tena. "Samahani, sikujua. Asante kwa kuniele—"

Bibi akauchukua tena.

Mara ya tatu mwalimu aliupokea bila neno, akainama, akarudi kinyumenyume mpaka getini. Sisi wanafunzi wake tulikuwa nyuma ya jiko tumeziba midomo kwa sweta. Wiki nzima darasani akituuliza swali tulikuwa tunatikisa kichwa tu.

Ila nikwambie kitu ambacho nimekifikiria nikiwa mtu mzima. Bibi aligawa miche. Mbegu hakumpa mtu. Kila mwaka ilibidi watu warudi, wakae, wanywe chai yake. Nadhani alipenda kuombwa. Na watu nao, kwa nini wajisumbue kukausha mbegu wakati kitalu cha bibi kipo? Maua yakifa kwao waliyang'oa wakawapa ng'ombe.

Mbegu tulikuwa tunaziweka mimi na yeye tu. Hapo ndipo penye utamu wa habari, na uchungu wake.

Masika yanapopamba moto, kwetu mvua hainyeshi, inapiga. Maua mengi huinama, mengine huoza kichwa. Asubuhi baada ya mvua kubwa kupita bibi alinishika mkono tukazunguka uwanja. Aliangalia yapi bado yamesimama wima. "Mimi sichagui," alikuwa akisema. "Mvua imeshachagua. Mimi nafunga uzi." Ua lililosimama alilifunga uzi wa bluu shingoni. Uzi wenyewe alikuwa ameufumua kutoka kwenye sweta langu la shule lililonibana. Lenye uzi halikuguswa. Halikukatwa kwa harusi, halikuwekwa mezani kwa mchungaji. Lilikaa pale mpaka likauke kuwa kahawia, baridi ya mwezi wa saba, ndipo tulipolitoa kichwa na kukitundika ndani ya kitambaa juu ya moshi wa jiko. Zikifika mvua, alizipanda mbegu zote. Hakubakiza hata punje. Kwa unyevu wa Tukuyu, alisema, mbegu ya kuweka akiba ni ya kulisha ukungu.

Kazi yangu ilikuwa kuzihesabu nyuzi kila jioni, kwa sababu ya mbuzi wa jirani na watoto wapita njia. Nilirudi nikamwambia jibu. "Hesabu tena," alisema, hata hajainua macho kwenye sufuria. Nikarudi nikahesabu tena. Leo madalali wananicheka kwamba nahesabu kreti mara mbili. Hawajui nimefundishwa na nani.

Bibi alifariki katikati ya masika, nyuzi zikiwa zimeshafungwa. Zilikuwa kumi na nne. Aliumwa kifua siku chache, halafu basi.

Msiba ulijaa. Turubai lilifungwa uwanjani, wanawake wakapika kwa masufuria makubwa, vijana wakachimba kaburi kando ya migomba kama ilivyo kawaida yetu. Na maua yalikuwa yamechanua kuliko mwaka wowote. Kila aliyeingia alisema jambo moja: aende na maua yake. Hakuna aliyepanga ubaya. Hicho ndicho kinachonikera mpaka leo, kwamba hakuna hata mtu mmoja wa kumlaumu vizuri.

Shangazi, dada wa baba, ndiye aliyesimamia mashada. Yeye alikuwa na kisu cha jikoni, baba mdogo alikuwa na panga, na akina mama wa kwaya walikaa kwenye mkeka wakisuka. Wakaanza upande wa njia. Mimi nilikuwa nawatazama. Walipofika kwenye uzi wa kwanza nikamwendea shangazi.

"Shangazi, yenye uzi hayakatwi. Ni ya mbegu."

Hakugeuka. "Mbegu za nani, na mwenyewe amelala ndani?"

"Bibi alisema—"

"Mtoto huyu. Unataka bibi yako aende mikono mitupu, watu waseme sisi ni watoto gani?" Akanipa ndoo. "Nenda ukachote maji, wapishi wanasubiri."

Nikaenda. Ungefanya nini? Niliporudi na ndoo kichwani, uwanja ulikuwa umebaki vijiti. Na yale yaliyosimama vizuri, yenye uzi, ndiyo waliyoyapanga katikati ya mashada, maana yalikuwa mazuri kuliko yote. Ua likikatwa likiwa bado linang'aa, mbegu yake ni maji. Nilikuwa nalijua hilo mimi peke yangu kwenye msiba wa watu mia, na nilikuwa nimetumwa maji.

Kaburini watu walipita mmoja mmoja kuweka mashada. Na kila aliyeweka alisema ndaga. Ndaga mama. Ndaga bibi, ndaga sana. Wale wote waliokuwa wakiondoka midomo imebana miaka na miaka, siku ile waliifungua kwa pamoja. Sisemi kwamba ndicho kilichoua mbegu. Kilichoua mbegu ni panga. Lakini nilikuwa nimesimama pale nikisubiri mkono wa bibi utoke uwanyang'anye mashada, aseme haya, anzeni upya.

Mvua ilinyesha juma zima. Nikatumwa kufagia kaburi. Mashada yalikuwa yameoza yamekuwa uji wa kahawia, lakini sufu haiozi upesi. Nyuzi za bluu zilikuwa zimelala kwenye matope, kila moja bado ina fundo la bibi. Nikazihesabu. Nikahesabu tena. Hakuna iliyopungua.

Msimu uliofuata watu walikuja, kama kawaida yao. Walisimama upenuni wakitazama mahali pa kitalu, ambapo kuku walikuwa wanajigeuza kwenye vumbi.

"Miche mwaka huu vipi?" aliuliza jirani, yule mwenye mbuzi.

"Haipo."

"Haipo kivipi? Mimi nilijua shangazi yako amebakiza mbegu."

Nilipomuuliza shangazi, alisema, "Si jirani anayo? Kwake yalikuwa mengi kuliko hapa." Walizungushana hivyo mpaka mvua zikaisha. Kijiji kizima kilikuwa na uhakika kwamba mtu mwingine anazo.

Nimeyatafuta. Biashara ya parachichi inanipitisha uwanja wa huyu na wa yule, Kinyala kote, na kila nikiingia macho yanaanzia kwenye maua kabla ya mzigo. Nimekuta ya manjano, ya waridi, mafupi, manene. Yule mwalimu wa pwani nilikuja kuipata namba yake kwa bahati. Alinikumbuka, akacheka sana habari ya kunyang'anywa. "Yale maua? Nilihamishwa kabla hayajakauka," alisema. "Niliyaacha hapo hapo." Halafu akaongeza, "Sikusema asante, lakini."

Uwanja wa bibi baba mdogo ameusakafia. Kaburi amelipiga vigae, na juu yake kuna chombo chenye maua ya plastiki, mekundu. Anajivunia. "Haya hayajali mvua," aliniambia akiyapangusa. Na ni kweli.

Pakiti ya yule kijana niliipanda Bulyaga ninakoishi, kwenye vikombe vya magamba ya mgomba, ukuta wa jiko, kila kitu kama nilivyofundishwa. Yaliota yote, kijana hakudanganya. Yalichanua kama picha. Halafu masika yakaja, yakapiga, na asubuhi moja nilitoka nikakuta yamelala kifudifudi, vichwa vimeoza. Nikahesabu yaliyosimama. Nikahesabu tena, ingawa moja halihitaji kuhesabiwa mara mbili. Nikalifunga uzi.

Juzi shangazi alikuja kunitembelea. Amezeeka sasa, anatembea na fimbo, na namwamkia kwa heshima zake zote. Tulikaa upenuni na chai. Akaliona lile ua lenye uzi.

"Si ndiyo yale ya mama?"

"Siyo, shangazi. Yanafanana tu."

Aliliangalia kwa muda, kikombe mkononi, na uso wake ukalegea kwa mapenzi ambayo sina shaka nayo hata kidogo.

"Mama alikuwa nayo mengi sana," akasema. "Uwanja mzima. Sijui yaliishia wapi."

Nikamwongezea chai.