Kabari za Gari la Mama Mullai

Masilamani alikuwa seremala wa milango na vitanda, mtu wa maneno machache, na karibu mwaka mzima hakuna aliyemtafuta ila mwenye mlango uliopinda. Lakini siku ya sikukuu ya Mama Mullai, mungu wa kike wa hekalu, mji mzima wa Tirumullur ulimtazama yeye.

Gari lililobeba sanamu ya Mama lilikuwa la mbao, refu kuliko nyumba ya ghorofa tatu, na magurudumu yake yalimzidi mtu kimo. Halikuwa na usukani wala breki. Watu mia nne walilivuta kwa kamba mbili nene, na lililobaki lilikuwa kazi ya kabari. Masilamani alikaa gurudumu la kushoto, shemeji yake Irulappan la kulia, kila mmoja na kabari zake za mkwaju. Ukiitia kabari kidogo, gari linakata kona. Ukiizamisha, linasimama. Ukichelewa, basi tena. Mjomba aliyemfundisha kazi hiyo alimaliza maisha yake na mguu mmoja.

Mwaka ule mambo yalianza vibaya. Kamba moja ilikatika sokoni, wakapoteza saa nzima kuiunga. Jua lilikuwa limeshapanda pale Bwana Ekambaram, mwenyekiti wa kamati ya hekalu, alipomwendea Masilamani huku akijifuta jasho shingoni.

"Saa njema inaisha adhuhuri," alisema. "Gari lisiporudi kwake kabla ya hapo, mkosi wa mwaka mzima. Kona ya madobi hatusimami."

Masilamani alidhani hakusikia vizuri. "Hatusimami? Na uji wa Mama?"

"Utapelekwa hekaluni jioni. Uji ni uji."

Hakuna mtoto wa Tirumullur asiyeijua habari ya kona ile. Zamani za wafalme, mke wa dobi alishikwa na uchungu njiani, gari likija. Mfalme akaamuru aburutwe kando. Kamba zikakatika zote, ndovu waliolivuta wakapiga magoti, na gari likagoma siku tatu. Mtoto alipolia tu, likasogea lenyewe. Yule mama aliyejifungua hakuwa na kitu cha kumshukuru Mama Mullai ila uji wa ulezi, akautoa. Tangu hapo Mama hapiti pale bila kunywa uji wa mkono wa ukoo ule, na mwenye zamu sasa alikuwa Bibi Kuppayi, mwenye miaka themanini na ushee, macho yameingia ukungu na masikio mazito.

"Bibi ameambiwa?" Masilamani aliuliza.

"Ameshaambiwa. Wewe fanya kazi yako."

Irulappan alisonya. "Shemeji, tangu lini Mama anakunywa uji kwa ratiba ya ofisi? Mkatalie!"

Masilamani aliwatazama wale watu mia nne waliochoka, akalitazama jua. "Twende," alisema.

Njia ya kona ya madobi huteremka. Miaka yote ilikuwa ya udongo na changarawe, kabari ikiuma vizuri. Mwaka huo ilikuwa imemwagwa saruji, na wenye nyumba, kwa desturi, walikuwa wameipoza kwa maji yaliyotiwa manjano na mwarobaini ili wavutaji wasiungue nyayo. Iling'aa kama sahani. Kwa kuwa hawakukusudia kusimama, hawakulipunguza gari mwendo pale juu.

Kamba zililegea. Masilamani aliziona zikigusa chini, akanyakua kabari, maana kamba ikilegea, gari halivutwi tena, linakwenda lenyewe.

"Kaeni kando!" alipiga kelele. Ngoma na zumari zilimmeza sauti. Wavutaji walioona gari likiwajia walitupa kamba, wakajibana ukutani huku na huku. Njia ikawa tupu.

Haikuwa tupu. Katikati, chungu kichwani na macho amefumba, alisimama Bibi Kuppayi. Hakuna aliyemwambia lolote.

Masilamani alitupa kabari. Gurudumu liliipanda, kabari ikateleza kwenye maji na kuchomoka kama mbegu ya embe, ikapiga ukuta. Ya Irulappan nayo vivyo hivyo. Ilibaki moja moja.

"Bibi! Bibi, ondoka!" mwanamke mmoja alilia kutoka barazani. Bibi alitikisa kichwa kwa furaha, akidhani wanashangilia.

Hapo Masilamani aliiona kamba iliyolegea ikiburutika pembeni mwa gurudumu, nene kama paja, kavu, yenye nywele za makumbi.

"Juu ya kamba!" alimpigia kelele shemeji yake. "Iruli! Weka juu ya kamba ya upande wako! Pamoja nami!"

Wote wawili walijua kwamba gurudumu moja likizuiwa peke yake, gari litazunguka na kuangukia nyumba. Masilamani alipiga goti, akaivuta kamba mbele ya gurudumu, akaibandika kabari juu yake na kuishikilia kwa mkono, kwa kuwa kuitupa kusingetosha.

"Sasa!"

Mbao zililia kutoka juu hadi chini. Gari liliinama mbele, kengele zote zikalia, maua yakamwagika, na makuhani waliokuwa juu wakakumbatia nguzo. Kisha likarudi nyuma kidogo, likatulia. Kati ya ubao wa mbele na chungu cha Bibi kulikuwa na nafasi ya mkono mmoja.

Bibi Kuppayi alifumbua macho.

"Umechelewa, Mama," alimwambia Mama Mullai, kama mtu anayemgombeza mgeni. "Uji umepoa."

Kuhani mzee alishuka, akaupokea ule uji kwa mikono miwili, akampelekea Mama. Kafuri ya ibada ikawashwa. Hapo ndipo Masilamani alipotazama mkono wake wa kushoto na kuona vidole viwili si vidole tena. Irulappan alimfunga kwa kilemba chake huku machozi yakimtoka na matusi pia.

Ekambaram alifika mbio. "Muujiza! Mmeona? Mama mwenyewe amesimama!"

"Nani alimwambia Bibi?" Masilamani aliuliza.

"Nilimtuma mtu..."

"Nani?"

Masilamani alimwacha mwenyekiti pale, akamwendea Bibi na kusema karibu na sikio lake, kwa sauti iliyosikiwa na kila mtu: "Bibi, mimi nilikubali tukupite. Ningeweza kukataa."

Bibi alimpapasa uso, akashusha mkono hadi kwenye kilemba kilicholowa damu.

"Kwa hiyo utakunywa kwa mkono gani, mjinga wewe?" alisema. "Kaa chini. Umebaki uji kidogo."

Alikunywa kwa mkono wa kulia, amekaa juu ya saruji, na gari zima likamngoja. Adhuhuri ilipita. Hawakuharakisha tena.

Vile vidole vilikatwa hospitalini siku iliyofuata. Mwaka uliofuata saruji ya kona ile ilichimbwa, na Irulappan akachukua gurudumu la kushoto. Masilamani alitembea mbele ya kamba na kitambaa chekundu cha ishara, na aliposema gari lisimame, mwenyekiti naye alisimama.