Stesheni ya Vikorokoro

Harufu ya tindikali ikichoma bati ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yetu ya Mji wa Kale wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kwa kuwa baba alikuwa fundi wa taa na ndoo, na karakana yake ilikuwa chumba cha chini. Nyumba yenyewe ilikuwa ya kaka yake, Ami Mbaruku, karani wa reli, aliyekaa orofani na mwanawe Swalehe. Swalehe alinizidi miaka miwili, na alikuwa na gari moshi la bati la kutia ufunguo, pamoja na reli yake ya duara. Siku niliyoligusa alinipiga mkononi. "Wewe mtoto wa kike," akasema, "kacheze na vyungu." Tangu hapo nikamchukia, naye hakuwa na haja ya kupendwa nami.

Mama yangu mdogo alikuwa yaya kwa Wazungu, na vitu vya watoto vilivyovunjika huko aliniletea kikapuni. Msimu mzima wa joto nilikaa karakanani nikivifumua. Ngoma ya bati iliyopasuka ikawa tangi la maji la stesheni. Mkono wa mwanasesere niliupigilia kwenye kijiti, ukawa ule mkono wa reli unaoinuka kuruhusu gari lipite. Magurudumu ya kigari yakawa winchi ya kupakia shehena, kama zile za Kilindini. Baba alinifundisha kulehemu. Vidole viliungua, sikulia.

Swalehe alipoiona stesheni imekamilika, akawa mpole ghafla. Akateremsha reli yake, tukaiunga na stesheni, na kwa siku nne nikaruhusiwa kutia ufunguo. Kikulacho ki nguoni mwako. Ijumaa baada ya swala, Ami alikuja karakanani na wenzake wa kazini kunywa kahawa na baba. Mmoja akauinua ule mkono, akacheka kwa furaha.

"Nani kafanya kazi hii?"

"Mimi," Swalehe akajibu, bila kunitazama.

Nikamgeukia baba, aliyekiona kila kiungo kikishika. Akainamia kikombe chake. "Kijana ana mikono," akasema.

Nikachukua koleo. Mbele ya wageni nikang'oa mkono, nikakunja winchi, nikaliponda tangi, kimoja kimoja, bila haraka. Gari lake sikuligusa. Ami akanipeleka uani na bakora. "Sema ni ya Swalehe, nikuache." Sikusema, na baba hakutoka.

Leo wasichana wa Mombasa wanasomea uhandisi, na wajukuu wangu hunicheka kwa kushikilia ugomvi wa kitoto. Labda wana haki. Swalehe nami huamkiana mazikoni kwa adabu zote. Mwaka juzi aliugua, akaniita kitandani kwake.

"Bint ami, niwie radhi kwa yote yaliyopita."

"Yapi?"

"Sikumbuki."

Nikamwambia akikumbuka anitumie mtu. Amepona, anakwenda msikitini kwa miguu yake, na hajanitumia.