Eufrosina na Kitufe cha Tisa

Kabla hatujajenga mtandao wetu, kijiji chetu kizima cha San Melchor, huko Meksiko, kilikuwa na simu moja, nayo ilikaa kibandani kwa Eufrosina. Ilipolia, yeye alishika kipaza sauti, na sauti yake ikafika mpaka ng'ambo ya bonde: "Porfiria! Porfiria wa Melitón! Mumeo yuko kwenye simu, acha hayo mahindi uje!" Wanawake walikuja mbio na unga mikononi. Waume zao walikuwa kaskazini, Marekani, wakichuma zabibu na kuosha vyombo vya watu, na hakuna pendo wala ugomvi uliowafikia wake zao bila kupita mlangoni kwa Eufrosina. Alikaa nje akipukuchua maharage, akijifanya hasikii.

Mumewe mwenyewe, Abundio, naye alikuwa huko huko. Mwanzoni alipiga kila Jumapili. Baadaye Jumapili moja moja, kisha kimya. Wapo waliosema ameoa tena. Eufrosina hakubisha wala hakukubali. Aliendelea kuwaita wake za watu waje waongee na waume zao.

Kampuni za simu zilitujibu kwamba sisi ni wachache mno, hawatapata faida. Basi mkutano wa kijiji ukaamua tujenge mtandao wetu. Wakaja wataalamu kutoka mjini Oaxaca na antena, kompyuta moja, na programu huria ya kupokea simu: huinunui, na ruhusa unayo ya kuifungua na kuibadilisha upendavyo. Mwaka ule mkutano ulinipa mimi zamu ya kuitunza. Zamu hapa haikataliwi, na haina mshahara.

Mtambo ulipokea simu vizuri, ila ulisema Kihispania kwa sauti ya bibi mmoja mkavu. Wazee hawakumpenda. Mzee Tranquilino alinijia amenuna.

"Heladio, huyo mwanamke wako hana adabu. Nimemwomba mara tatu nimsemeshe mwanangu, ananijibu habari za vitufe tu!"

Nikauambia mkutano kwamba sauti ile inaweza kuondolewa, tukaweka yetu kwa Kizapoteki, lugha yetu. Wakauliza, ya nani? Watu wote wakageuka kumtazama Eufrosina. Nilitazama chini. Tulikuwa tunamwomba aupe sauti yake mtambo uleule uliokuja kufunga kibanda chake.

"Mnataka niichimbie kazi yangu kaburi, na niiimbie pia," alisema. Watu wakacheka, naye akacheka, akakubali.

Tulirekodi katika chumba cha shule, mablanketi yamening'inizwa ukutani kuzuia mwangwi. Nilimpa maneno niliyotafsiri: Bonyeza moja, bonyeza mbili. Akaisukuma karatasi.

"Mtu ametoka huko mbali, hata hujamuuliza ameamkaje, unamwambia bonyeza? Wewe ulilelewa na mbuzi?"

Akasema kwa namna yake: "Umeamkaje, ndugu yangu? Hapa ni San Melchor. Ukitaka kuongea na mtu wako, bonyeza namba yake. Kama huijui, bonyeza sifuri, tutamtafuta." Nyuma yake jogoo aliwika. Tulimwacha humo humo.

Miezi haikuwa mingi nikaona jambo kwenye kompyuta. Kila Jumapili asubuhi iliingia simu ya kaskazini, namba ngeni. Aliyepiga alisikiliza salamu mpaka mwisho, hakubonyeza kitu, akaisikiliza tena, kisha akakata. Nikamweleza Eufrosina. Alikuwa anachambua kahawa. Mikono ikasimama juu ya ungo.

"Ni yeye," alisema.

Porfiria, aliyekuwa karibu, hakuweza kujizuia. "Abundio? Shoga, Abundio ana watoto wengine huko, dunia nzima inajua."

"Watoto hawamzibi mtu masikio."

"Basi mpigie, namba si hiyo?"

"Mtu akisimama mlangoni kwako anaogopa kubisha hodi, ukimfungulia ghafla atakimbia." Kisha akanigeukia. "Heladio, si ulisema mashine hii ni yetu, inabadilishwa?"

"Ni yetu, shangazi."

"Niongezee kitufe."

Haikuwa kazi ngumu: mistari michache ya maelekezo, na sanduku la kuhifadhi ujumbe. Akarekodi maneno mapya mwishoni mwa salamu: "Na kama una la kusema na unaona haya, bonyeza tisa. Sema, au nyamaza. Hakuna atakayekuuliza."

Sanduku likaanza kujaa, lakini si kama alivyotumaini. Mwanamume mmoja aliuliza kama daraja la kijito limetengenezwa. Mwingine alilia tu, akapenga kamasi, akakata. Mtoto wa Tranquilino alisema, "Mwambieni baba sijafa. Nilifungwa. Nimetoka." Alasiri moja Eufrosina alivaa hedifoni masikioni akasikiliza wote, kisha akajitanda mtandio akapita nyumba kwa nyumba kufikisha maneno. Tranquilino alimshika mikono yote miwili. Aliporudi kutoka huko, Eufrosina aliniuliza tena: "Na yule wa Jumapili?"

"Bado anasikiliza tu."

Kisha Jumapili moja akabonyeza tisa. Nilimpelekea habari, naye akaja amevaa blauzi yake ya sikukuu iliyotariziwa, nywele zimesukwa upya kwa utepe. Nikamvalisha hedifoni. Nilimwona akitabasamu kwa kungoja, na tabasamu likabaki usoni hata baada ya macho kubadilika.

Ilikuwa sauti ya msichana. Kizapoteki chake kilikuwa cha kubahatisha, kama cha mtoto. Anaitwa Maricela. Mama yake, Otilia wa marehemu Sabas, alikuwa mtu wa kwetu, amekufa huko. Hana anayemjua hapa, hana wa kumtafuta. Ni kwamba mama yake alikuwa akimwamsha kwa maneno yale, umeamkaje, na sasa hakuna anayemwambia. Akaomba radhi kwa kusumbua.

Eufrosina alivua hedifoni, akaiweka mezani polepole. "Blauzi hii inabana," alisema, akaondoka. Siku kadhaa alinipita njiani bila kusimama. Halafu akaja, amevaa nguo za shamba, akasema, "Nipigie yule mtoto."

Nilisikia swali la Maricela likitoka kwenye simu: "Wewe ni mashine?"

"Mimi ni Eufrosina. Mashine haina baridi yabisi. Umeamkaje, binti yangu?"

 Eufrosina alivuta kiti akaketi.

Siku hizi wanaongea kila Jumapili. Anamsahihisha matamshi kwa ukali, na kumsimulia Otilia alivyokuwa mwizi wa mapichi. Maricela ameahidi kuleta majivu ya mama yake sikukuu ya mtakatifu wetu, na bata mzinga ameshaanza kunoneshwa.

Zamu yangu ilipokwisha, kamati mpya ilitaka kukiondoa kitufe cha tisa, eti salamu ni ndefu. Eufrosina alikataa, kikabaki. Tulipotoka mkutanoni nilimuuliza kama bado anamngoja Abundio.

"Namngoja," alisema. "Ulidhani msichana amekaa mahali pake? Yeye amekaa pake mwenyewe. Pa Abundio ni patupu vilevile."

Akaniomba nimbebee gunia la mahindi ya bata mzinga, kwani kile kilima kinamuumiza magoti.